Ushahidi wa Kanali Urrutia

Watu wa San Bruno wanapojilaza baada ya chakula cha mchana, wafu hupata nafasi ya kuzungumza. Saa hiyo Don Evaristo Lemos, wakili anayeandika historia ya mkoa, huwakaribisha barazani na kuwaapisha kwanza, maana katika kitabu chake haingii mtu bila kiapo. Dada yake, Rosenda, huwapikia chokoleti na kutumbukiza vipande vya jibini ndani yake.

"Wafu wako walafi, Evaristo. Jibini lote lao, sisi wazima turambe vikombe!"

Siku moja alikuja Kanali Urrutia, ambaye sanamu yake imesimama uwanjani kwa sababu aliuletea mji maji. Akaapa, akapuliza chokoleti yake, akasema kwamba chemchemi ile haikuwa yake kamwe. Ilikuwa ya Wahindi wa mlimani, wenyeji wa asili wa nchi ile.

"Nilisogeza mawe ya mpaka wenyewe wakiwa sokoni. Mazito, we! Niliyasukuma kwa makalio."

Don Evaristo nusura aruke. Alasiri hiyohiyo alikuwa amtetee mahakamani Casimira Tunubalá, aliyeidai chemchemi kwa niaba ya wenzake wa mlimani na hakuwa na shahidi. Akamshika Kanali mkono, wakashika njia ya mahakamani.

"Kanali, nyoa hizo ndevu!" kinyozi akapaza sauti kutoka mlangoni pake walipopita. "Au unataka kuzikwa nazo tena?"

Hakimu alikuwa mjukuu wa Kanali, na chemchemi ilikuwa ndani ya ua wake. Alishuka kitini, akapiga goti, akaomba baraka. Kisha akausikiliza ushahidi mpaka mwisho, akausifu.

"Ila sheria haimruhusu ndugu kutoa ushahidi katika jambo la ndugu yake."

"Mimi si nimeshakufa?"

"Undugu haufi, babu. Twende nyumbani, leo kuna nguruwe wa kuoka."

Casimira alicheka mpaka shali ikamdondoka. "Mahakama tamu hii! Mwizi anakiri, anapewa nguruwe."

"Nitakata rufaa, mama," Don Evaristo akasema.

"Wewe kata, mwanangu. Ukimpata mfu asiye na ukoo, niite."

Akajitwika mtungi. Alipopita kando ya ua wa hakimu aliyasikia maji yakibubujika upande wa pili, akayasalimu kwa lugha ya kwao, akateremka kwenda mto wa mbali.