Burulai Apaza Sauti Mlimani

Mzee Beishen alikuwa bingwa wa kubana matumizi. Kila mara gari lake lilipoanza kuteremka mlima, alitoa gia akaliacha lijiendee, huku mguu ukiegemea breki.

"Mlima unatusukuma bure," alimwambia mkewe Sabira, aliyekaa pembeni yake. "Petroli haiendi hata tone."

"Ungekugawia na akili za bure, ningeushukuru zaidi," Sabira akajibu.

Nyuma, kati ya mikate na kondoo aliyechinjwa, alikaa mkamwana wao Burulai. Walikuwa wanampeleka kwao kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Mkamwana hamwiti baba mkwe kwa jina, wala hapazi sauti mbele yake, na siku ya harusi mama yake mzazi alimwonya: ukinitia aibu kwa mdomo wako, usinirudie hapa. Mdomo wenyewe ulikuwa na historia.

Burulai alikulia ndani ya lori la marehemu baba yake, akipanda na kushuka milima hiyo hiyo. Harufu ya breki kuungua aliijua.

"Baba, breki zinanuka," alisema kwa sauti ya mbu. Hakuna aliyemsikia.

Kwenye kona iliyofuata mzee akakanyaga breki, na mguu ukazama mpaka chini. Akakanyaga tena. Hakuna kitu. Chini yao kundi la farasi lilikuwa linavuka barabara. Mzee, rangi imemtoka, akapeleka mkono kwenye ufunguo azime gari.

"Usizime!" Burulai akapiga kelele. "Usukani utakuwa mgumu! Kanyaga klachi, tia gia ya tatu! Wewe mzee, tatu nimesema!"

Gia ikalia, ikaingia. Gari likajivuta kidogo.

"Kanyaga-kanyaga breki! Mama, piga honi! Sasa mbili!"

Sabira akalala juu ya honi huku akiomba Mungu. Burulai akajipenyeza katikati ya viti, akavuta breki ya mkono taratibu, kidogo kidogo, asije akaliyumbisha gari.

"Kata kulia, wewe mzee! Ile njia inayopanda malishoni!"

Likapanda, likachoka, likasimama. Burulai akaivuta breki ya mkono mpaka mwisho, kisha akakumbuka yeye ni nani. Akashusha kitambaa cha kichwa usoni.

"Nisamehe, Baba."

Mzee akashuka, akainama kutazama magurudumu. Mgongo wake huo ulimtisha Burulai kuliko mteremko wote.

"Kumbe unaongea!" Sabira akasema. "Mimi nilidhani tumeletewa bubu."

Wachungaji wa wale farasi waliwafikisha kwao Burulai kwa lori lao. Burulai akakaa mlangoni kando ya birika kubwa, akimimina chai kama inavyompasa, na mama yake hakukawia kuuliza.

"Anawaheshimu? Mdomo ameufunga?"

Beishen akaweka mkate chini. "Amenifokea. Ameniambia 'wewe mzee'."

"Mara mbili," Sabira akaongeza, amefurahi kweli.

Mama yake akainuka, uso umemwiva kwa aibu. Burulai hakuthubutu kumtazama. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Kaa chini, mama," Beishen akamwambia. "Wewe binti, toka hapo mlangoni. Njoo huku juu, mahali pa heshima, kwenye nafasi yangu."

"Na chai atamimina nani?" mama akauliza.

Mzee alikwisha kusimama. Akalijaza bakuli mwenyewe, akampelekea Burulai kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu," alisema, na nusu ya chai ikamwagika zuliani, maana hakuwa amezoea kumimina.