Zulia la Mama Miche

Mama Miche hakuwa mtu wa kukaa kimya. Kwenye kitalu chake aliigombeza miche iliyochelewa kuchipua, na mteja mwenye mikono mizito alipewa somo kabla ya kupewa mche. Kwa hiyo siku ile alipopanda kilimani na binti yake bila kusema neno saa nzima, binti alidhani ni magoti yanamsumbua.

Binti alikuwa afisa misitu. Alihamishiwa kazi hapo nyumbani miezi minane nyuma, na barua ya kwanza aliyoikuta mezani ilihusu zulia. Ndilo jina watu waliloupa mmea huo wa mapambo. Ulikuwa jamaa wa mbali wa kangaga, wenye majani madogo kama magamba ya samaki, na ukiutazama kwa pembeni kijani chake kinageuka buluu. Kwa uzuri, zulia lilikuwa zuri, hilo tusilinyime. Lilitambaa chini ya maua, likafunika udongo, wala halikudai zaidi ya kivuli na maji. Nusu ya mji walikuwa nalo uani.

Sasa lilikuwa limehamia msituni, juu ya chemchemi, nene kama godoro. Mbegu za miti zilipodondoka ziliishia juu yake zikakauka, udongo zikiusikia kwa jirani tu. Binti alitafuta mche mchanga hata mmoja chini ya ile miti mikubwa, hakuuona. Msitu usiozaa, alisema, ukifa umekufa.

Na lawama zilikwisha kupata mwenyewe. Shule ilikuwa chini ya kilima, bustani yake imepakana na msitu, na mtunza bustani, Mzee Makasi, alikuwa ameipamba kwa zulia njia yote ya kwenda ofisini. Mwalimu mkuu alimwita akamwambia ameharibu msitu. Mzee akaing'oa bustani yake yote kwa mikono, hata waridi, akaichoma moto. Haikumsaidia. Kamati ya shule ingekaa Ijumaa, na kazi ikiondoka nyumba ya shule nayo inaondoka. Yeye na mkewe hawakuwa na nyingine. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Kuna jambo haliniingii akilini," binti alisema, akilifunua zulia kwa ncha ya buti. "Kama limetoka shuleni, lingekuwa nene kule chini na jembamba huku juu. Limepandaje mlima? Halafu tazama, mama. Mafungu manene, yale ya zamani, yote yako kwenye mashina ya miti. Na yameachana sawasawa." Akatembea akihesabu. Moja, mbili, tatu, fungu. Moja, mbili, tatu, fungu. "Mmea gani huu unapima hatua?"

Mama Miche alikuwa ameshaona kabla ya kuonyeshwa. Hatua zile zilikuwa zake. Miaka ishirini na miwili nyuma, kilima kikiwa kipara na chemchemi ikitoa matone, yeye na marehemu mumewe ndio walioipanda ile miti. Mume alichimba mashimo, yeye akapima kwa miguu. Viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche, havikutosha, na kubeba udongo mlimani kuliwavunja mgongo. Basi akabuni njia yake: aling'oa miche ikiwa mizizi mitupu, akaizungushia zulia bichi lililokuwa limefurika kwenye vyungu vyake vya maua, akailowesha, akaifunga kwa uzi. Mizizi ilikaa na unyevu siku mbili nzima, na karibu kila mche ulishika. Alisifiwa sana kwa ufundi ule, hata wageni waliletwa kuutazama. Na kila mche ulioingia shimoni uliingia na zulia lake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo aliijua tangu utotoni, ila siku zote alikuwa akiwapigia wengine.

Alifikiria kunyamaza, tusimpe utakatifu usio wake. Mtu akimuuliza marehemu aliacha nini, yeye alinyoosha kidole kilimani. Binti yake alisomea misitu kwa sababu ya miti hiyo, na alipenda kulisema hilo mbele za watu. Mama Miche aliona aibu, na zaidi ya aibu aliuogopa uso wa mwanawe.

Binti alitoa daftari. "Kwenye ripoti nitaandika chanzo hakijulikani. Ila kamati watasoma wanavyotaka. Yule mzee watamwondoa tu."

"Usiandike hivyo," alisema Mama Miche. "Kaa kwanza."

Wakakaa juu ya gogo, akamweleza. Hakuanzia kwenye viriba vilivyopungua, maana alijua akianzia huko atajikuta anajitetea. Alianza na zulia na uzi. Binti alisikiliza macho yakiwa kwenye mashina ya miti. Mama alipomaliza, binti hakumwambia asijali, na kwa hilo Mama Miche alimshukuru kimoyomoyo.

"Baba alijua?"

"Nani angejua, mwanangu? Sisi tuliona linapendeza."

Binti alifuta machozi kwa mgongo wa mkono, akaandika kwa muda mrefu. "Itabidi ling'olewe kwa mkono, lote," alisema. "Ni kazi ya miaka. Na kitalu nitakifunga, mama, maana zulia limeanzia humo. Siwezi kukupendelea."

"Najua. Andika."

Walipoteremka Mama Miche hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja shuleni. Mzee Makasi alikuwa ameketi mlangoni pake, mikono mapajani, masanduku mawili yamekwisha kufungwa kamba. Alimpa mgeni kiti. Mgeni akakikataa, akayasema yote akiwa amesimama.

"Ni mimi, Mzee. Si wewe. Ripoti imeandikwa hivyo, na Ijumaa nitakuja kusema mwenyewe mbele ya kamati."

Mzee Makasi alikuwa mtu wa mizaha, lakini siku hiyo hakuwa na hata mmoja. Alitazama ardhi tupu palipokuwa na bustani.

"Mwanzo nilikataa," alisema. "Baadaye nikawa nakaa natafuta nilipokosea. Siku gani nilitupa takataka za bustani nyuma ya ua. Nikaipata, Mama Miche. Nikaikumbuka kabisa, hata rangi ya ndoo. Juzi nikamwambia mke wangu ni kweli, ni mimi."

Mama Miche aliyatazama yale masanduku mawili.

"Yuko ndani," Mzee alisema, akimfungulia mlango. "Ingia umwambie wewe. Mimi nikimwambia, hatajua aamini lipi."