Mhubiri wa Ukoo wa Samaki

Katika miaka yangu ya kuuza samaki hapa Nchelenge, kando ya ziwa, nimewaona watu wengi wanaofundisha wasichokijua, lakini sijaona aliyekifundisha kwa majivuno kama Mwalimu Florent. Alitoka Lubumbashi mwaka wa sabini na nne, akafungua shule ya wahubiri wa vijijini nyuma ya soko, katika nyumba ya bati iliyokuwa ghala la chumvi. Kwao Zaire wakati ule tai ilikuwa imepigwa marufuku, na mimi naamini alivuka ziwa ili apate mahali pa kuivaa. Aliivaa kwenye joto la Oktoba. Aliivaa hata alipokuja kwenye meza yangu kubishania fungu la chisense, wale dagaa wetu wadogo, na jasho likamtiririka mpaka likaingia kwenye dagaa.

Wanafunzi wake walitoka pande zote mbili za ziwa, kwa hiyo masomo yalikuwa kwa Kiswahili. Sisi wa upande huu lugha yetu ni Kibemba, Kiswahili ni cha kuuzia samaki tu. Mimi nilikijua vizuri zaidi kwa sababu niliolewa Kilwa, ile ya ng'ambo ya ziwa upande wa Zaire, nikakaa huko mpaka mume wangu akanichosha.

Somo kubwa la Florent liliitwa kushinda woga wa kusema mbele ya watu. Dirisha la ghala lilikuwa linaelekea meza yangu, basi nililisoma somo lile lote bila ada. Mhubiri asimame miguu imeachana. Avute pumzi kwa pua. Asiwatazame watu machoni, awatazame juu ya vichwa. Na kama woga ukizidi, ajiambie moyoni kwamba wale waliokaa mbele yake si watu, ni samaki wakavu waliopangwa kichanjani. Hapo nilicheka mpaka nikamkosa mteja.

Nilicheka kwa sababu mwanafunzi mwoga kuliko wote, yule aliyekuwa anaambiwa maneno hayo kila siku, alikuwa Mubanga, mtoto wa Ngosa, na Mubanga ni wa ukoo wa Samaki. Florent alikuwa anamwambia kijana wa watu awaone wasikilizaji wake kama jamaa zake waliokufa na kukaushwa. Halafu akashangaa kwa nini kijana anatetemeka.

Mimi ni wa ukoo wa Mamba. Mamba na Samaki ni watani tangu mababu, na sababu yake haihitaji mwalimu. Tunatukanana popote tunapokutana, na anayekasirika ndiye mjinga. Mmoja wetu akifa, wa upande wa pili ndio wanaochimba kaburi, maana mfiwa hashiki jembe, na hapo kaburini tunamtania maiti na jamaa zake kwa sauti. Tusi la mtani lisipojibiwa ni aibu ya ukoo mzima. Na maiti asipotaniwa amezikwa kama mgeni.

Ngosa, mama yake Mubanga, ndiye aliyempa ukoo wa Samaki, maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama; alikuwa mtani wangu na meza yake ilikuwa karibu na yangu. Sitasema alikuwa mwema, maana hakuwa. Alikuwa mbishi, mchoyo wa chumvi, na mdomo wake ulikuwa mrefu kuliko wangu. Alimtoa mtoto wake kwenye nyavu akampeleka kwa Florent kwa sababu moja tu, na aliitangaza soko zima: siku atakapokufa, maneno ya juu ya kaburi lake yasemwe na mwanawe, si na mtu wa kukodiwa.

Kijana mwenyewe sasa. Ziwani Mubanga alikuwa anapiga kelele upepo ukisimama kumsikiliza. Mimi alianza kunitukana kabla hajaota meno yote, na alinitukana vizuri. Lakini mweke mbele ya watu waliokaa kimya, mpe Biblia mkononi, anakuwa kuku aliyenyeshewa. Jumapili yake ya kwanza ya kuhubiri alisimama, akaachanisha miguu kama alivyofundishwa, akasema, "Bandugu zangu." Akanyamaza. Akasema tena, "Bandugu zangu." Wafanyabiashara kutoka ng'ambo wakamngoja kwa adabu, maana walidhani ndiyo namna ya shule mpya. Akasema mara nyingine, kisha akaketi. Florent akaeleza mkutano kwamba kijana hakuvuta pumzi ya kutosha.

Mwanafunzi aliyependwa na Florent alikuwa Rodwell, kijana kutoka kijiji cha Puta mwenye sauti ya kinanda na kichwa cha kibuyu. Rodwell hakuwa na woga kwa sababu hakuwa na la kusema. Alikuwa na hotuba moja ya mazishi, iliyoandikwa na Florent, na alimsomea kila maiti. Bibi kizee mmoja wa Kafutuma alizikwa akiitwa ndugu yetu mpendwa, mvuvi hodari, na hakuna aliyethubutu kucheka ila mimi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mvua za mwaka uliofuata Ngosa akashikwa na kifua. Hakuchukua muda. Alikufa alfajiri, siku ya soko, kana kwamba alitaka kunikosesha biashara.

Mchana ule nikaenda msibani na jembe langu, pamoja na wenzangu wa Mamba. Nilimkuta Mubanga nyuma ya vichanja vya mama yake, na Florent amesimama mbele yake na tai, akimwonyesha kuvuta pumzi. Puani, tumboni, puani, tumboni. Kijana alikuwa amejaa jasho, macho mekundu, na midomo ilikuwa imemkauka kabisa. Florent aliponiona akasema ameshamwandaa Rodwell, kwa usalama. Neno lile usalama lilinikera. Unamwandaa mtu wa kumlilia mama wa mwenzake kwa usalama?

Florent alipoondoka, Mubanga alinitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakunitukana.

"Ba Eness," alisema, "mi siwezi. Nikiona bantu bote kimya vile, mudomo inafungana."

Mtu mwenye huruma angemshika bega. Mimi nilimwambia kwamba basi Rodwell atasoma, na mama yake atashuka shimoni akiitwa mvuvi hodari. Nikamwacha pale. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira na Ngosa pia, na sikutaka kujua ipi ni ipi.

Watu walikuwa wengi. Ngosa aligombana na nusu ya ziwa, na nusu hiyo yote ilikuja. Wanunuzi wa Kilwa walivuka kwa mtumbwi wa mashine na vitambaa vyao vyeusi. Tukachimba, Mamba wote kwa zamu, matope yakitupanda mpaka magotini. Tulipomaliza, maiti akiwa bado juu ndani ya mkeka wake, Florent akampa Mubanga ishara asimame.

Alisimama. Miguu iliachana. Akatazama juu ya vichwa vyetu, huko kwenye mawingu ya ziwa.

"Bandugu zangu," akasema.

Mvua ilikuwa imekatika na hata watoto walikuwa hawalii. Alifungua Biblia, akaifunga, akaifungua tena. Wazee wa Samaki wakainamisha vichwa. Florent hakungoja mara ya pili. Alimpungia Rodwell, na Rodwell akatoka mbele, akikunjua karatasi yake bila haraka, kama mtu anayekunjua leso kutoa sahani ya wali.

Nilipiga jembe langu chini.

"Muangalie," nikasema kwa Kiswahili, ili wa Kilwa wasikie pia. "Samaki ingine imekufa yenye kusimama. Tuchimbe shimo mbili?"

Mamba wenzangu wakacheka, ndiyo kazi yao. Florent akageuka na uso wa mtu aliyemezeshwa kwinini. Yeye alikuwa mtu wa mjini na mtu wa mbali, hakuna aliyewahi kumweleza utani wetu, na hakuwa mtu wa kuuliza. Alinijia akinionyesha kidole.

"Madame, heshima kidogo. Tuko ku makaburi."

Hakuna aliyemtazama. Wazee wote wa Samaki walikuwa wameinua vichwa na wanamtazama Mubanga. Sasa halikuwa tena jambo la hotuba. Mamba ametukana mbele ya maiti, na Samaki aliyesimama mbele ni yeye. Akinyamaza, amenyamaza ukoo.

Mubanga alishusha macho kutoka mawinguni. Akanitazama mimi, usoni, kama alivyozoea sokoni.

"Chimba tu, weye mamba," akasema. "Unayua matope kuliko mutu yote. Mama yangu alisema ulioga mara moja, siku ya ndoa, na bwana yako akakukimbia."

Makaburi yote yalipasuka kwa kicheko. Wanunuzi wa Kilwa, ambao walimjua mume wangu, walishikana mabega. Nikamrudishia, naye akanirudishia, na katikati ya kurudishiana niliona ile Biblia amekwisha kuiweka juu ya udongo. Rodwell alibaki amesimama na karatasi yake kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake, kisha akarudi nyuma polepole.

Halafu Mubanga akaacha kunijibu mimi na kuanza kuwaambia watu habari za mama yake. Hakuvuta pumzi puani. Alisema jinsi alivyobisha na wanunuzi mpaka wakamwongezea bei ili wapate kulala. Alisema mama yake alikuwa mchoyo wa chumvi, lakini mwaka wa njaa alichemsha samaki bila chumvi kwa watoto wa jirani, kisha akawasema kwa kula sana. Alisema Mungu ajiandae, maana anapokea mtu anayehesabu makosa ya wenzake bila kuchoka. Watu walicheka na kulia kwa zamu, na wengine kwa pamoja. Hakuna aliyefanana na samaki mkavu pale. Florent alisimama kando, tai imelowa, akinong'ona kwamba hotuba haina utangulizi. Mjinga yule alikuwa anaona kitu alichokifundisha mwaka mzima kinafanyika mbele ya macho yake, na hakukitambua.

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi na nikajiona hodari. Nilikuwa nimesimama na jembe, natabasamu kama mwenye mali, nikingoja aseme amina ili tumshushe Ngosa.

Hakusema amina. Alinigeukia.

"Ba Eness," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini, lakini kila mtu aliisikia. "Mi umenitukana, aksanti. Ye bado. Mama iko anangoja."

Ilikuwa kweli. Tangu nifike msibani nilikuwa nimemtukana kijana, nimemtukana Florent, nimetukana mvua na njia, na Ngosa mwenyewe sikuwa nimemwambia neno. Wenzangu wa Mamba walinipisha. Mtani wake wa karibu nilikuwa mimi, na zamu ilikuwa yangu.

Niliuangalia ule mkeka. Nikafungua mdomo. Ulimi ulikuwa mkavu, umeshikana na kaakaa. Watu wote walikuwa kimya wananitazama. Nikasema, "Ngosa." Nikanyamaza. Nikasema tena, "Ngosa." Jembe likaniponyoka.

Mubanga alikuja akasimama upande wangu. Hakunishika bega. Alipaza sauti kwa watu wote.

"Mamba imezeeka," akasema. "Meno imekwisha."

Hapo damu ikanipanda, na sauti ikarudi, mbaya, imepasuka, lakini ilikuwa yangu.

"Ngosa, weye samaki ya miiba mingi na nyama kidogo," nikasema. "Nilikukula miaka yote bila kushiba, na leo umenikwama mu koo."

Wazee wa Samaki wakapiga makofi ya kukubali, taratibu, viganja vimekunjwa. Mubanga akasema amina. Nikaokota jembe langu, tukamshusha.