Siku Tatu za Mama Micheline

Shamba la Josué, kilomita kumi na saba kutoka Kisangani kwa barabara ya Buta, lilipitiwa na kijito, na pale kijito kilipopinda palikuwa na shimo la maji matulivu. Wanawake wa kijiji kizima waliloweka humo mihogo yao michungu. Siku tatu, si chini ya hapo, mpaka mzizi ulainike na sumu itoke. Hilo hata mtoto mdogo alilijua. Baba yake Josué hakumzuia mtu, wala Josué hakumzuia.

Kisha ukaja mtambo. Watu wa mjini walihitaji maji safi, basi ukajengwa kwenye mkondo wa chini wa kijito, na Josué akaletewa karatasi yenye mihuri mitatu. Ardhi ibaki yake, maji si yake. Ukionekana muhogo mmoja majini, na ardhi itachukuliwa. Sheria ni msumeno, wanasema, lakini huu ulikata upande mmoja tu, wa Josué. Alikuwa na mke, michikichi mia mbili na kaburi la baba yake pale. Akatia sahihi.

Siku ya pili yake akakuta shimoni mihogo ya Mama Micheline, mjane jirani aliyekuwa akimwogesha utotoni. Aliitambua kwa jinsi ilivyomenywa: kila mzizi mama yule aliuachia ukanda mwembamba wa ganda, ndiyo alama yake. Ilikuwa imelowa tangu jana tu. Mama Micheline akaomba siku mbili zilizobaki. Josué, kwa woga wa ile mihuri, akaitoa yote, akamwambia akailoweke kwenye ndoo nyumbani. Ndoo ya mama yule ilikuwa imetoboka, na Josué alilijua hilo.

Mama hakuwa na kingine cha kula. Aliianika, akaitwanga, akasonga fufu. Jumapili wakamkuta mlangoni kwake, amekufa.

Hakuna aliyemlaumu Josué. Afadhali wangemlaumu. Msibani walimpa kiti cha mbele, akakaa hapo kama mwizi aliyekaribishwa chakula.

Juma moja baada ya mazishi, asubuhi, akiwa anapiga mswaki, alisikia kutoka kijitoni: chubwi. Kisha tena: chubwi. Ni mizizi ikitumbukizwa majini, mmoja mmoja, bila haraka. Akashuka mbio. Hapakuwa na mtu, wala nyayo kwenye tope ila zake mwenyewe. Shimoni mlikuwa na mihogo, na kila mmoja ulikuwa na ukanda wake wa ganda.

Akaitoa, akaitupa porini. Kesho yake akaikuta humo tena. Mkewe Rosine alidhani kuna wanawake wanaomchokoza, akazunguka nyumba zote akiuliza. Wote waliapa kwamba si wao, na tangu hapo hakuna aliyepita tena njia ya kijito. Josué akashindwa kula fufu. Kila tonge alilirudisha sahanini, akijiuliza limelowa siku ngapi.

Mwishowe Rosine akamwambia, "Josué, kila siku unatoa ile muhogo mbele ya siku yake ya tatu. Donc, basi, mwenye muhogo atarudia tu kuitia."

Asubuhi iliyofuata aliiacha. Ya pili pia. Siku ya tatu ndiyo aliyopangiwa kuja Yannick, mkaguzi wa mtambo, na saa mbili pikipiki yake ikasikika barabarani. Muda wa kuitoa ulikuwepo. Josué akaingia majini mpaka kiunoni, akabonyeza mzizi mmoja. Katikati ulikuwa bado mgumu kidogo. Akauachia.

Yannick alisimama ukingoni, akaiona mihogo majini. "Papa Josué, hii muhogo iko ya nani?"

"Iko ya Mama Micheline."

"Na yeye iko wapi?"

"Alikufa. Mimi njo nilimuua. Acha imalize siku yake ya tatu, kisha mutakamata udongo, shamba yote."

Yannick akaandika, akaondoka bila kuaga. Jioni mihogo ilikuwa imelainika. Josué akaibeba yote, akaipanga kwenye kizingiti cha nyumba ya mama yule, akabisha hodi, akarudi kwake. Chubwi hakuisikia tena.

Mwezi haukuisha, ardhi ikachukuliwa. Sasa yeye na Rosine wanaishi kwa ndugu huko Simi-Simi, mjini Kisangani, na maji ya bomba ya nyumba ile yanatoka kwenye kijito kilekile. Kila asubuhi Josué hujaza kikombe, na kabla ya kunywa hukinusa. Kina harufu ya muhogo wa siku moja. Rosine hunusa pia, na husema hasikii kitu.