Kura Juu ya Makala za Mchungaji

Kwa desturi ya Wabaptisti wa pale Alabama, mchungaji ndiye mwenyekiti wa mkutano wa kanisa. Hivyo Mchungaji Coy Ledbetter, ambaye siku za kazi ni fundi wa viyoyozi, alilazimika kuendesha mwenyewe kura ya kumziba mdomo. Alikuwa ameandika makala mtandaoni kuhusu makanisa yanayopenda viti vyao kuliko wageni. Alikuwa akilifikiria kanisa la utotoni mwake, lakini hapa kila mtu alijiona ametajwa.

"Natoa hoja," alisema shemasi Odell, "makala zake zisomwe kwanza na mashemasi kabla hazijatoka."

"Ndugu Odell, hii umeisoma?"

"Mke wangu kaambiwa na Verna."

"Dada Verna?"

"Mimi nilisikia tukiombeana kwenye simu, Mchungaji. Tumalize bwana, kuku wa chakula chetu cha pamoja anapoa!"

Coy alikasirika. Watu asiowajua walimsoma. Hawa aliowazikia wazazi hawakusoma hata mstari.

"Wanaokubali, nyosheni mikono."

Mikono ikajaa ukumbini.

"Hoja imepita. Basi Odell, tukishakula nawasomea makala ya leo, wewe na mashemasi wenzako."

"Yote?"

"Yote. Si mmepiga kura?"