Shahidi wa Kofi

Kofi alilopigwa Mama Pacha asubuhi ile halikuwa la mchezo. Miaka kumi na moja ya uuguzi katika wodi ya wagonjwa wa akili, ametemewa mate, amerushiwa uji, ameng'atwa bega, na bado kazi aliipenda. Lakini hili lilimwonyesha nyota mchana kweupe, na kazi ikamtoka moyoni papo hapo. Yamemfika shingoni. Anahamia kliniki ya macho, kwa watu wanaokaa kitini kwa adabu na kusoma herufi ukutani.

Uhamisho ulitaka fomu ya tukio, na fomu ilitaka shahidi. Weee! Wenzake wote walikuwepo, na hakuna aliyeona. Mmoja alikuwa anafunga kamba za kiatu, mwingine eti alikuwa anapiga chafya. Nani ajitie kinywani mwa Matroni, mkuu wa wauguzi?

"Mimi niliona vizuri sana," alisema mgonjwa waliyemwita Karani, kutoka kitandani. "Nilikuwa karibu."

Karibu gani tena, na aliyelipiga kofi ni yeye mwenyewe? Ila mzee huyu alikuwa karani wa mahakama kabla ya kuugua, na mwandiko wake ulikuwa wa kuonea wivu. Akaichukua fomu, akaandika taratibu. Palipoulizwa muuguzi alimchokoza vipi mgonjwa, akajaza: "Alinisalimia." Akatia sahihi ya shahidi, kisha akamtazama Mama Pacha shavuni.

"Bado linauma, mwanangu?"

Tangu asubuhi hakuna mwingine aliyemuuliza hivyo. Mama Pacha alishikwa na hasira, akashikwa na kicheko, asijue aanze na kipi.

Matroni aliisoma fomu mara mbili, akaisukuma pembeni. "Shahidi gani huyu? Mtu mwenyewe si mzima. Neno lake halina uzito hapa."

"Sawa, Matroni. Na ile barua ya onyo uliyonipa mwaka jana?"

"Ipi hiyo?"

"Ya kwamba nimeuiba mwezi wa angani nikauficha kabatini. Aliyenishtaki ni huyu huyu. Ukaniita, ukanihoji, ukaja na tochi kunikagua kabati."

Matroni akakohoa. Akaitafuta kalamu mezani, kumbe ameishika mkononi. Kisha akatia sahihi bila kuinua uso.