Fungeni Madirisha

Fundi wa vipimo vya mtandao alikuwa na miaka kumi na mmoja kazini. Wenzake walimwita Mama Namba, kwa sababu namba ikishatoka kwenye mita yake, hata mama mkwe wake asingeweza kuibadilisha.

Siku hiyo msimamizi alimletea fomu iliyokwisha kujazwa: mtandao mpya wa masafa ya juu, ule wa kasi ya ajabu, unafika wodi ya wazazi bila shida. Ilibaki sahihi yake tu. Akishasaini, mafundi wangeng'oa waya wa zamani unaopeleka mapigo ya moyo wa watoto walio tumboni hadi kwa daktari, jengo la pili.

"Mlipima madirisha yakiwa wazi?" aliuliza.

Msimamizi akacheka. "Dada, sisi sote hupima hivyo. Joto lile nani ataliweza?"

Ni kweli, ndiyo ilikuwa desturi yao, naye aliifuata miaka yote. Mawimbi ya zamani yalipita ukutani bila kubisha hodi. Haya mapya yana mbio, lakini yana madeko: jani bichi, mgongo wa mtu, hata kioo kilichopakwa utando wa kuzuia jua huyakwamisha. Na vioo vya wodi vilipakwa utando huo. Hasira ilimpanda, maana msimamizi naye aliyajua yote hayo.

"Saini basi. Wakubwa wanazindua saa nane."

"Sisaini ng'o. Twende wodini."

Akabeba mita yake akatangulia. Msimamizi alimfuata akimtishia barua ya kufukuzwa kazi, kila ngazi na tishio lake.

Wodini alimkabidhi mita. "Shika mwenyewe, kaka, usije ukasema nimeichezea."

Madirisha yakiwa wazi, ilisoma asilimia tisini.

"Si unaona?" msimamizi akatamba.

"Naona. Sista, mvua ikinyesha huwa mnafanyaje hapa?"

"Tunafunga madirisha yote," alijibu muuguzi mkuu. "Tuwaloweshe wazazi?"

"Basi fungeni."

Dirisha la kwanza, sitini. La tatu, ishirini. La mwisho lilipofungwa, mita ikasoma sifuri, na msimamizi akaitikisa kana kwamba imelala.

Mama mmoja kitandani, mkanda wa kupimia tumboni, akainua kichwa. "Mwanangu bado anasikika kwa daktari?"

"Anasikika, dada," fundi alimjibu. "Kwa waya."

Mama Namba alichukua fomu, akakata maneno yote kwa mstari mmoja, akaandika chini: Madirisha yakifungwa, hakuna mtandao. Waya usiguswe. Akasaini kwa herufi kubwa.

"Umejifukuza kazi mwenyewe," alisema msimamizi.

"Na iwe hivyo."

Muuguzi mkuu akamnyang'anya kalamu. "Nipisheni," alisema. "Mimi nasaini wapi?"